Jamani, Kumbe Dinosaria Wetu Walikuwa Watu wa Pwani!

Jamani, jamani, jamani! Nimetoka Museum für Naturkunde, makumbusho ya Berlin, shingo inaniuma kwa kuangalia juu na sijui hata nianzie wapi! Basi nianze na mwenyewe, Giraffatitan, mzaliwa wa Tendaguru, Lindi, nyumbani kabisa! Unaingia ukumbini, macho yanaanza kupanda: mguu, goti, bega, kisha shingo, shingo, shingo, na bado! Mita 13 na ushei, mnazi uliokataa kuacha kukua. Mifupa minene, mizito, ya kale kupita kiasi. Mikono ilinisisimka nikitaka kuishika, lakini wapi, haishikwi!

Halafu mle ukumbini kuna darubini za ajabu. Nakusihi, zijaribu! Unaweka jicho, unaielekeza kwenye mifupa, mara nyama inaota, ngozi inafunika, na lile jitu linaanza kutembea. Linatembea kweli! Nilirudi nyuma hatua nzima, watu wakanicheka, na mimi nikacheka zaidi.

Lakini kilichonimaliza ni mahali alipoishi. Sisi wa Mkange tunaoshuka Saadani tunalijua tope la mdomo wa mto Wami maji yakipwa, tunaujua wangwa na harufu yake ya chumvi. Sasa sikia: Tendaguru ya miaka milioni 150 iliyopita ilikuwa pwani ya namna hiyohiyo! Wataalamu wameisoma habari hiyo mwambani. Tabaka la mifupa ya dinosaria, juu yake tabaka la makombe na amonaiti wa baharini, kisha dinosaria tena, kisha bahari tena. Bahari iliingia, ikatoka, ikaingia! Na chavua iliyoganda ndani ya udongo ikataja hata miti: jamii ya misonobari kwa wingi, na kangaga. Kulikuwa na kiangazi kikali pia, mvua zikija kwa msimu.

Hebu ifikirie! Bahari ya kina kifupi, mafungu ya mchanga, na nyuma yake msitu mweusi, mrefu, mkimya. Hakuna mkoko. Hakuna mnazi. Hakuna hata unyasi, maana nyasi zilikuwa bado kuzaliwa duniani! Katikati anapita Kentrosaurus, mgongo umejaa miiba mikali, ya kutisha, mizuri ajabu. Juu wanaelea mijusi warukao, na chini vichakani kuna vinyama vya kunyonyesha, vidogo vya kuenea kiganjani, na bado!

Wachoraji nao wamenifurahisha mno. Zamani jitu letu lilichorwa limezama ziwani, kichwa tu kikichungulia. Zdeněk Burian aliichora picha hiyo kwa ustadi wa kukuliza. Kumbe kwa kina kile maji yangelibana kifua hata lisiweze kuvuta pumzi! Wakalitoa majini, wakalisimamisha nchi kavu, kinywa kikavuna vilele vya miti. Hata mifupa yenyewe, iliyosimamishwa mwaka 1937, ilipangwa upya mwaka 2007: miguu ya mbele ikanyooshwa, mkia uliokuwa ukiburuta ukainuliwa. Ukiutazama sasa ulivyotanda hewani, utaapa umetikisika!

Na nani walioitoa ardhini? Ndugu zetu! Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi walichimba pale chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, fundi aliyeijua mifupa barabara. Wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, siku kadhaa za mguu, hadi bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja anaitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti, mwingine Wamweracaudia kwa heshima ya Wamwera. Nilisimama pale kifua mbele, nikatamani kumshika kila mgeni bega nimwambie huyu ni wetu, na pwani yake ni yetu!

Basi wewe ukipata safari ya Ujerumani, ya shule, ya kazi, ya harusi, vyovyote, usikose! Vibao vya maelezo utavisoma baadaye. Darubini kwanza! Na ukitoka nipigie simu hapohapo, hata iwe usiku wa manane, maana habari hii siwezi kuimaliza peke yangu!