Kumweleza Mtoto Upinde wa Mvua: Maudhui na Fani

Maelezo ya kisayansi anayopewa mtoto hayahesabiwi kwa kawaida kuwa fasihi, na kwa sababu hiyo hayahakikiwi. Hata hivyo, nayo yana msemaji, hadhira, maudhui na fani, na kufaulu kwake hutegemea lugha kama hadithi inavyoitegemea. Makala haya yanachunguza maelezo ya jinsi upinde wa mvua unavyotokea, yakichukua mfano wa mtoto wa Maua, katika vilima vya Nyambene, ambako mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba humpa nafasi ya kuiona ajabu hiyo.

Mtoto huyo haendi darasani mikono mitupu. Jua likiwaka huku mvua inanyesha, watoto wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki huambiwa kwamba mnyama mkali anazaa: kwa wengine fisi, kwa wengine simba. Miongoni mwa Wagikuyu, jirani za Wameru, upinde ni mukunga-mbura, dude la majini limezalo watu na mifugo. Masimulizi kama hayo yana sifa moja kubwa: yanamjibu mtoto swali lake mwenyewe, yaani kile ni nini, nacho kimetoka wapi.

Maelezo ya darasani, kwa upande wake, mara nyingi husema tu kwamba mvua na jua vikikutana upinde hutokea. Kisha hufuata orodha ya rangi saba ya kukaririwa. Hilo ni tangazo, si maelezo. Fisi ameondolewa, na mahali pake pamebaki patupu. Hasara huzidi pale mtoto anapolipokea jambo hili kati ya Kimeru cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha kitabu cha sayansi, bila ya lugha yoyote kupewa kazi ya kufafanua.

Kwa hakika Kiswahili kinayo nyenzo. Neno upinde latokana na kitenzi pinda, na kupinda ndiko hasa kunakotokea. Nuru ya jua iingiapo katika tone la maji hupinda. Huakisiwa na upande wa nyuma wa tone. Na itokapo hupinda tena. Rangi zilizomo katika nuru hiyo hazipindi kwa kiasi kimoja, na kwa hiyo hutengana. Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki takriban mwaka 1319, alilichunguza jambo hili kwa tufe la kioo lililojazwa maji; Theodoric wa Freiberg alifanya uchunguzi wa namna hiyo huko Ujerumani karibu wakati ule ule.

Lakini jina hilo hilo lina mitego miwili. Kwanza, linaitaja mvua na kulisahau jua. Pili, mtoto aweza kudhani kwamba umbo la upinde limetokana na kule kupinda kwa nuru. Sivyo. Matone yanayomletea mtazamaji rangi nyekundu ni yale yaliyo katika pembe ya digrii 42 hivi kutoka mstari unaoanzia kwenye jua, ukapita kichwani mwake hadi kwenye kivuli cha kichwa hicho. Ya urujuani yako katika digrii 40 hivi. Matone yote ya pembe moja hufanya duara, na ardhi huificha sehemu yake ya chini. Basi watoto wawili waliosimama mbalimbali hawaoni upinde mmoja, wala hapana awezaye kuufikia mguu wake, kwa kuwa akisogea nao husogea.

Maudhui haya yanadai fani inayomweka mtoto mwenyewe katikati. Alipe jua kisogo, akitazame kivuli chake, kisha apulize maji kutoka kinywani. Ataelewa kwa nini upinde wa jioni huonekana mashariki, upande wa nyanda zilizo chini ya Maua, na wa asubuhi magharibi. Tena ataelewa kwa nini hauonekani angani tangu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri: jua la karibu na ikweta huwa limepanda kupita digrii 42.

Rangi nazo zinataka uangalifu. Kati ya rangi tatu za asili zinazopatanishwa na nomino, nyeupe, nyeusi na nyekundu, moja tu imo katika upinde. Nyingine zimeitwa kwa vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, zambarau ni tunda; na buluu ni neno la kukopa. Hesabu ya saba ilienezwa na Newton, aliyechapisha kitabu chake cha nuru mwaka 1704. Angani hakuna mpaka kati ya rangi na rangi. Mtoto aliyeuona ukijani wa jani la chai aachwe aseme alichokiona kabla ya kupewa orodha.

Mwandishi wa vitabu vya watoto hana haja ya kumfukuza fisi wala dude la majini. Anachotakiwa ni kutoa jibu lililo wazi kama lao, ambalo mtoto aweza kulipima kwa macho yake mwenyewe mvua inayofuata. Asipofanya hivyo, atamfunza kwamba sayansi ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na mtoto ataendelea kuliamini lile dude, na kwa haki.