Kumi Kabla ya Mbili

Ukihifadhi picha kwa majina picha1 hadi picha12, kuna programu zitakazozipanga hivi: picha1, picha10, picha11, picha12, ndipo ije picha2. Kompyuta haikukosea kuhesabu, haikuhesabu kabisa. Imesoma tarakimu kama herufi, kama kamusi inavyotanguliza baba, ikafuata babaika, kisha bata. JavaScript hufanya hivyo hata kwa namba tupu: iambie ipange 9, 10 na 2 bila maelekezo zaidi, itakurudishia 10, 2, 9.

Wapo wanaoutaka mpangilio huu makusudi. Swali lao: toa namba zote kuanzia 1 hadi kikomo fulani, kikamusi. Wengi hukimbilia kuzigeuza zote kuwa maandishi na kuzipanga. Kwa namba milioni 1, hiyo ni milinganisho takriban milioni 20, na yote ya bure, maana namba hizi zina ukoo tayari. 1 ni mzazi wa 10 hadi 19. 10 ni mzazi wa 100 hadi 109. Kamusi humtaja mzazi, ikamaliza uzao wake wote, ndipo ikamgeukia mdogo wake.

Basi tembea tu ndani ya ukoo. Zidisha kwa 10 ikiwa hutavuka kikomo. Ukishindwa, ongeza 1. Ila namba ikiishia na 9, au ikiwa ndiyo kikomo chenyewe, kata kwanza tarakimu ya mwisho, na uendelee kukata maadamu bado inaishia na 9.

Tuchukue kikomo cha 120. Tunaanza 1, 10, 100, tunapanda hadi 109. Hapo tunakata 9, tunabaki na 10, tunaongeza 1: 11. Kisha 110 hadi 119, halafu 12 na 120. Hapa ndipo wengi huteleza: 120 haiishii na 9, wakaongeza 1 na kutoka nje ya kikomo. Inakatwa iwe 12, inafuata 13. Tukifika 19 tunakata, na hatimaye 2 inapata zamu.

Huko kukata hakuongezi gharama kubwa, kwa kuwa kila mkato unafuta zidisho lililokwisha kufanyika. Wala hakuna orodha ya kushikilia kwenye kumbukumbu. Namba uliyonayo mkononi inatosha kukupa inayofuata.

Kikomo kikiwa 1000, 2 inaketi nafasi ya 113. Mbele yake ipo 1 na watoto wake 10, wajukuu 100, na kitukuu mmoja tu, 1000.