Moto Unaomjua Mlaji

Sala ya Magharibi ikishaisha, mtaa wa Kikwajuni hapa Unguja hubadilika harufu. Kando ya majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki katika miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, majiko marefu ya bati hutolewa nje, makaa hupangwa, na watu huanza kusogea. Anayeuliza kama inafaa kufunga safari kwenda kwenye tamasha la nyama choma kwa ajili ya nyama yenyewe, ningependa aanzie hapa. Akisimama kwa muda kando ya jiko la mishikaki la mtaani ataona kazi hii inategemea nini, na hapo ataweza kuyapima matamasha kwa haki.

Kazi huanza mchana, mlaji akiwa hayupo. Ng'ombe wetu hana mafuta mengi na ametembea sana maishani mwake. Nyama yake ukiikata mapande makubwa na kuitupa motoni hutafuni ukamaliza. Kwa hiyo hukatwa vidogo, kwa kukingama na nyuzi zake, ikatiwa tangawizi, thomu, ndimu, chumvi, pilipili manga na bizari. Kisha huja papai bichi, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama. Kidogo, kwa muda wa kiasi, hulainisha. Likizidi au likikaa mno, nyama hurojeka, jino likapita bila kukuta kitu. Hakuna saa ya ukutani inayoweza kuupima muda huo, maana hutegemea uchanga wa papai, sehemu ya ng'ombe iliyopatikana siku hiyo, na joto la mchana wenyewe: kaskazi haichukui muda sawa na kipupwe. Fundi huminya kipande kimoja kwa vidole, akajua.

Halafu kutunga. Vipande vigusane bila kubanana, na katikati yake kiwekwe kipande kimoja cha shahamu. Ikiyeyuka, shahamu huwapaka jirani zake mafuta, nyingine ikadondokea makaa, na moshi unaopanda kutoka pale huipa nyama ladha ambayo kiungo chochote cha sokoni hakiwezi kuileta. Ndiyo maana mishikaki iliyokaangwa haina maana, hata ikitiwa viungo vile vile.

Moto nao una subira yake. Makaa yawake, yatulie, yavae jivu jeupe. Anayeweka nyama kabla ya hapo hupata nje nyeusi na ndani mbichi. Mchomaji mzuri huyasukuma makaa yake yawe na upande mkali wa kuanzia na upande mpole wa kumalizia, na kipepeo chake hukitumia kwa hesabu: mapigo machache ya kufukuza jivu, kisha huacha. Vijiti huvigeuza kimoja kimoja huku akizungumza na watu watatu kuhusu mpira.

Lakini kinachonifanya niiheshimu kazi hii kuliko nyingine nyingi za jikoni ni kwamba moto wa mtaani unamjua mlaji wake. Msichana hufika, husema, "Ami, ya bibi hiyo," na haongezi neno. Ami hahitaji zaidi. Anajua bibi hana meno ya kutosha, kwa hiyo huchagua vijiti vya nyama laini. Anajua pia kwamba nyama hiyo itafungwa kwenye karatasi, itapandishwa ngazi, itakaa hadi sahani ipatikane, na muda wote huo itaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Basi huitoa motoni mapema kidogo. Kijana atakayekula papo hapo, amesimama, na ukwaju ukimchuruzika vidoleni, yeye hupewa iliyokaa hadi mwisho. Kwa jiko moja na makaa mamoja, watu wawili wamepikiwa tofauti. Na kesho wote wawili watarudi, au hawatarudi. Jaji mkali kuliko huyo sijamwona.

Pembeni pake, mara nyingi, yuko mama wa mkate wa ufuta. Huyu naye ni fundi wa moto kamili, na nasikitika akitajwa kama nyongeza tu. Unga wake uliokandwa kwa tui la nazi huubandika kwenye kikaango cha chuma, akaupika chini, kisha akakigeuza kikaango kizima kifudifudi juu ya makaa ili uso wenye ufuta ugeuke rangi. Mkate usipong'ang'ania chuma huangukia motoni. Wake huganda, na huachia pale anapotaka yeye.

Sasa tuyatazame matamasha. Lile la Memphis, Marekani, lililoanza mwaka 1978, hujiita mashindano ya dunia ya kuchoma. Nyama yake kuu ni nguruwe, kwa hiyo wengi wetu wa Unguja hatungekuwa na fungu hata tukifika. Lakini lina jambo la kutufunza sote: timu zinazoshindana huwapikia majaji na wageni wao, na kanuni za afya zimekuwa zikizizuia kuwagawia watu waliolipa kiingilio. Mgeni hupita akinusa nyama bora, kisha hununua nyingine kwa mchuuzi. Kwa ajili ya chakula, safari kama hiyo siwezi kumshauri mtu.

Kwetu hatujafika huko. Dar es Salaam imekuwa na Nyama Choma Festival, ambako mlaji hununua moja kwa moja kwa mchomaji, na hilo ni jema. Tatizo la usiku wa umati ni jengine. Foleni ikiwa ndefu, mchomaji hana budi kuichoma nyama nusu mapema, kuirundika, na kuirudisha motoni mtu akiagiza. Nyama iliyopitia motoni mara mbili imeshaacha maji yake njiani. Wala hamjui anayemhudumia. Pengine hatamwona tena. Mtu yule yule, kwenye jiko lake la mtaani, angekupa kitu kingine kabisa.

Hata hivyo nyama nyengine zinahitaji umati, na hapo nashika upande wa tamasha bila kusita. Mbuzi mzima wa ndafu hawezi kuchomwa kwa ajili ya watu watatu. Anataka saa nyingi, watu wa kupokezana kumgeuza, na kundi la kummaliza akiwa moto. Jiko la Kikwajuni haliwezi kufanya hivyo na halijaribu. Ukisikia kuna mahali wanachoma mnyama mzima, na mchomaji ameamka alfajiri kuwasha moto, nenda.

Mfano bora ninaoujua wa karamu ya moto ya watu wengi ni shuwa ya Oman, ambayo ndugu zetu waliohamia huko huila kila Idd. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwenye majani ya migomba au makuti ya mtende, huteremshwa kwenye shimo la makaa na kufukiwa kwa siku nzima au mbili. Vijijini shimo huwa moja kwa familia nyingi, na kila nyumba hutia alama kwenye fungu lake. Umati upo, moto ni mkubwa, na bado kila fungu lina mwenyewe anayejulikana kwa viungo vyake. Nyama ikiharibika, kijiji kizima kitajua ni ya nani.

Unguja tunazo nyakati zetu za umati: Idd pale Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kikwajuni, Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambako kumlisha mgeni ni sehemu ya sherehe yenyewe, na usiku wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, tangu mwaka 2004, ambapo wageni humiminika kutoka Ngome Kongwe kuvuka barabara hadi bustani ya Forodhani. Bustani ile, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultan Khalifa na kukarabatiwa upya mwaka 2009, ina upepo wa bahari na pweza wa kuchoma, na simnyimi mgeni starehe hiyo.

Ninachotaka kwa waandaaji ni kimoja. Wakipanga siku ya nyama choma hapa Unguja, wasimng'oe mchomaji kwenye jiko lake na kumpeleka uwanjani chini ya turubai. Wachapishe ramani ndogo, wawalete wageni Kikwajuni, Michenzani na Kisiwandui kwa makundi madogo, na wawaambie wapange foleni nyuma ya msichana aliyetumwa na bibi yake. Yeye ahudumiwe kwanza.