Broadway Tower: Panda Hadi Paani!

Jamani, nendeni Broadway Tower! Nimeshuka sasa hivi kutoka juu ya paa lake, moyo bado unanienda mbio, na sina subira ya kungoja utulie ndipo niandike.

Mnara huu umesimama peke yake juu ya kilima cha Cotswolds, Uingereza, mita 312 kutoka usawa wa bahari. Wenyewe una kimo cha mita 20 hivi tu, lakini ukiukaribia utadhani ni ngome ya mfalme. Una minara mitatu ya mviringo iliyoshikana, roshani za mawe, na kule juu mazimwi ya kuchongwa yanayokukodolea macho. Kumbe si ngome hata kidogo! Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa mchoro wa msanifu majengo James Wyatt, ili upendeze macho, basi.

Na kisa chake ni kitamu! Inasimuliwa kwamba bibi mmoja wa kikabaila, Lady Coventry, alitaka kujua kama moto ukiwashwa kilimani hapa angeuona akiwa nyumbani kwake, mbali kule upande wa Worcester. Ukawashwa, akauona, mnara ukajengwa.

Ndani, ngazi nyembamba zinajizungusha kwenda juu, ghorofa baada ya ghorofa. Msanii William Morris alikuwa akija kukaa humu na rafiki zake wasanii. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na ukiyagusa mawe haya unaelewa mara moja mapenzi yale yalivyomwingia.

Halafu paani! Upepo unakupokea kwa kishindo, na nchi yote imetandazwa chini yako: mashamba yaliyogawanywa kwa kuta za mawe, bonde la mto Severn, na siku ya anga safi, vilima vya Wales. Kaunti 16, wanasema wenyeji, nami sibishi. Chini kuna kulungu wekundu wakila majani, na karibu yao handaki la enzi za Vita Baridi, ambamo waangalizi wangepima athari za mabomu ya nyuklia.

Gari linafika karibu, ila nawasihi mpande kwa miguu kutoka kijijini Broadway. Mlima utawatoa jasho, na kila hatua inalipa. Chagueni siku isiyo na ukungu, vaeni koti zito, kateni tiketi ya kuingia ndani. Atakayeishia kuutazama kwa nje atakuwa ameukosa uhondo wenyewe!