Ukungu Mezani

Anayeanza kupiga picha hapati tabu ya kusifiwa. "Kali hiyo!" "Umetisha!" Marafiki wakishasema hivyo wanaendelea na shughuli zao, naye anabaki na simu yake mkononi. Picha za ukungu ndizo zinazosifiwa upesi kuliko zote, kwa kuwa ukungu una uzuri wa bure: elekeza kamera yoyote kwenye mikoko alfajiri, utapata kitu cha kumfanya mtu aseme loo! Mtu anaweza kusifiwa miaka mingi namna hiyo bila kufundishwa chochote.

Ndiyo maana napenda kukaa kwenye benchi la studio moja ndogo pale Chuno, mjini Mtwara. Riziki ya pale ni picha za pasipoti na kutoa kopi. Lakini mwenyewe, mzee aliyeanza kazi enzi za filamu, ana ufundi mwingine asioutoza hata senti, nao ni kuitazama picha ya mwenzake mpaka aimalize.

Wateja wa ufundi huo huja zaidi wakati wa kipupwe. Usiku mbingu huwa nyeupe, upepo unalala, na kwenye mdomo wa Ruvuma na vijito vya mikoko unyevu hugeuka ukungu juu ya maji. Jua la Juni huku huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Likishapanda kidogo na kusi kuamka, ukungu umekwisha. Mwenye kutaka picha lazima awe ameshafika Msimbati, Mikindani au kwenye kivuko cha Msangamkuu kungali na giza.

Juzi alikuja msichana na kamera ya kuazima. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Umesafisha?" Hilo ndilo sharti lake la kwanza. Haangalii picha kwenye simu, kwa sababu kioo kinachowaka chenyewe hudanganya weupe, na ukungu wote ni habari ya weupe. Msichana akatoa bahasha. Mzee akazipanga picha mezani, kisha akazigeuza zote juu chini.

Nilidhani anafanya mzaha. La hasha. Kamera kubwa za zamani, zile za kusimamishwa kwa miguu mitatu na kufunikwa kitambaa, zilimwonyesha mpiga picha kila kitu kichwa chini, na watu walijifunza kupanga picha hivyo hivyo. Mtumbwi ukipinduliwa huacha kuwa mtumbwi. Linabaki doa jeusi, na jicho linaona mara moja kama doa hilo limekaa pazuri au limeelemea upande. Akazitazama muda mrefu bila neno. Msichana alikuwa anakunja na kukunjua bahasha.

Alipofungua mdomo aliuliza tu. "Ulisimama wapi hapa? Maji yalikuwa yanajaa au yanapwa?" Pwani hii, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, hivyo mahali palipokuwa kioo cha maji saa moja huwa tope na mizizi baadaye. Kuna picha ambayo dawa yake ni kurudi palepale maji yakiwa mengine, na mzee hawezi kuitoa dawa hiyo kabla ya kuuliza. Wengi wetu tungeanza na kasoro.

Kasoro zilikuja, taratibu. Karibu picha zote zilikuwa za kijivu kizito, kama jioni ya mvua. Akaeleza kwamba kamera haijui ukungu. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kuamini kwamba kila mandhari, ukiichanganya yote, ni kijivu cha kati. Ikikutana na weupe mtupu inauvuta chini mpaka uwe kijivu. "Usiisikilize. Ongeza mwanga hatua moja, pengine moja na nusu." Chini ya kioo cha meza yake kuna utepe aliojitengenezea, wenye ngazi 11 kutoka weusi kamili hadi weupe kamili, kwa mpango ambao Ansel Adams na Fred Archer waliubuni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930. Akaweka kidole karibu na ncha nyeupe: ukungu wako unatakiwa kukaa hapa, na bado uonekane una mikunjo.

Kwenye picha moja msichana alikuwa ameongeza ukali wa rangi kwa simu ili mikoko ya mbali "itokeze". Mzee akatikisa kichwa. Ukungu hupunguza tofauti ya weusi na weupe kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Jicho linapima umbali kwa hilo. Ukiikoleza mikoko ya mbali, umeileta mbele, na hori lote limekuwa ukuta.

Kisha akacheka. "Na huu si ukungu. Hii ni salfa." Ilikuwa picha ya mteremko juu ya maji, Mikindani, weupe ukielea chini ya mikorosho. Msimu huu wakulima hupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, nao huchagua alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yana umande: saa ileile ya wapiga picha. Alionyesha umanjano mdogo na mahali vumbi lilipoanzia. "Picha nzuri sana. Ibadilishe jina tu."

Akamtajia Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930, akamwambia atafute picha zake za majahazi aone chombo kinavyobeba picha nzima bila rangi.

Ya mwisho waligombania. Weupe mtupu, mashua moja kushoto, tanga limekunjwa. Mzee akaziba upande wa kulia kwa kipande cha karatasi. "Ningekata hapa."

"Hapana babu. Walikuwa wanaelekea huko. Walikuwa wanapiga kasia, nilisikia, ila mbele yao sikuona kitu."

Akaitoa karatasi, akairudisha, akaitoa tena. "Basi iache. Lakini usafishe kubwa, kwa kipimo hiki mlingoti unaonekana kama mkwaruzo." Akataja bei ya kubwa. Msichana akaomba apunguziwe. Mzee akamwambia kutazama ndiko kwa bure, karatasi ananunua.