Njia ya Chembe, Hatua kwa Hatua

Mwaka 1903, Carl Størmer, mwanahisabati wa Norway, aliyaona majaribio ya mwenzake Kristian Birkeland: tufe la sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, elektroni zikimiminwa juu yake, na mwanga ukijikusanya karibu na ncha zake. Birkeland aliamini kwamba mianga ya anga la kaskazini huzaliwa vivyo hivyo. Størmer alitaka zaidi: kuijua njia ya chembe moja.

Sumaku huisukuma chembe yenye chaji ubavuni tu, kwa hiyo haiiongezei kasi wala haiipunguzii. Chembe huzunguka mstari wa sumaku huku ikisonga mbele, kama uzi wa skrubu. Karibu na ncha ya dunia mistari hubanana, mwendo wa kwenda mbele hufifia, na mara nyingi chembe hugeuka ikarudi ilikotoka.

Kusema hayo ni rahisi. Kuichora njia yenyewe ndiko kwenye kazi. Henri Poincaré alikwisha kutatua fumbo la ncha moja ya sumaku mwaka 1896, lakini dunia ina mbili, na hapo hesabu hukataa kufunguka kwa fomula moja. Ikabidi Størmer atembee na chembe. Kiini cha mbinu yake ni hiki: chukua mahali ilipo sasa, zidisha kwa mbili, toa mahali ilipokuwa kabla, ongeza mchapuko uliozidishwa kwa mraba wa muda wa hatua. Umepata mahali pafuatapo. Anza tena. Hatua ikiwa ndefu, njia inapotoka. Ikiwa fupi mno, utazeekea mezani. Na tarakimu moja ikikosewa, zote zinazofuata zimeharibika.

Yeye na wasaidizi wake waliyafanya haya kwa mkono, maelfu ya saa, kisha wakazikunja njia hizo kwa waya ili jicho nalo lizifuate. Binafsi, waya hizo zinanivutia kuliko fomula zote.

Hesabu zilionyesha pia maeneo ambayo chembe itokayo mbali haiwezi kuyaingia, na mengine ambamo iliyomo haitoki. Størmer alifariki mwaka 1957. Mwaka uliofuata, vifaa vya James Van Allen kwenye setilaiti ya Explorer 1 vilizigundua chembe zilizonaswa kuizunguka dunia. Ile kanuni ya hatua nayo haijastaafu: kompyuta zinazoiga mwendo wa molekuli huitumia kila siku, kwa jina la Størmer-Verlet.