Mbetula Mtamu: Kwangua Kijiti, Ndipo Uamini!

Jamani, mbona mlinificha mti huu? Ndiyo kwanza nakutana na mbetula mtamu, Betula lenta, kwenye milima ya Appalachian huko Pennsylvania, na tayari nimeukubali mia kwa mia! Ni mwenyeji halisi wa mashariki ya Marekani, toka Maine hadi Georgia.

Usitafute gome jeupe linalobanduka. Hilo ni la ndugu zake. La huu ni kahawia iliyokoza, na mti ukiwa bado mchanga huwa laini, limechorwa vistari vya mlalo. Majani yana ncha kali na meno madogomadogo ukingoni. Mpaka hapo unaweza kudhani ni mcheri mwitu. Subiri sasa!

Kwangua kijiti kwa ukucha. Ngozi nyembamba inatoka, ukijani unajitokeza, na harufu inakupanda puani: dawa ya kuchua misuli! Naam, ile ile! Ni methili salisilati, na zamani mafuta yake yalitolewa kwenye magome ya mti huu kabla ya viwanda kuanza kuyatengeneza. Mcheri hunuka lozi chungu, na vijiti vyake vina sumu. Pua isiporidhika, acha.

Tafuna kidogo: utamu kwanza, kisha ubaridi unatambaa ulimini. Na chai yake! Katakata vijiti, mwagia maji ya moto, funika, ngoja. Usichemshe, harufu yote itapaa na mvuke. Majira ya baridi yakiisha, utomvu nao huanza kutiririka. Una sukari kidogo sana, hivyo lita 1 ya sharubati hudai takriban lita 100 za utomvu.

Tahadhari moja, na ni nzito: methili salisilati ni ya ukoo wa aspirini. Asiyepatana na aspirini, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito na mtoto wasiiguse.

Chuma vijiti vya pembeni, viwili vitatu kwa mti, wala usibandue gome la shina. Likibanduliwa kuzunguka, mti hufa.

Unaanza kuchuma porini? Anza na huu! Theluji ikitanda na majani yote yakipukutika, vijiti bado vinanukia vile vile. Mimea mingine mingi ya kuchuma wakati huo imelala.